Sensa ya Santuri

Anselmo alirudi Temeke likizo na, kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe, akatangaza sensa. Angepita nyumba kumi za balozi wao wa mtaa kuona santuri ipi iliuzwa zaidi: aliyoimba baba yake kabla ya Uhuru, au hii mpya ya vijana. Alitaka kumfunga mzee mdomo.

Ya vijana aliikuta katika nyumba nne, imechakaa kwa kuchezwa. Ya baba ilikuwa kila nyumba.

Katika nyumba ya mwisho ilikuwa imefunika mtungi wa maji. Anselmo aliipangusa vumbi. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Shikamoo mama. Hii mliinunua wapi?"

"Kununua?" Mama mwenye nyumba alicheka mpaka kanga ikamlegea. "Baba yako alinunua boksi zima, akatugawia siku ya ubatizo wako. Sie hata gramafoni hatuna, mwanangu."

Baba alikuwa akisubiri barazani, amevaa shati lake la Jumapili.

"Haya, bwana msomi. Tusomee."

Anselmo alikunjua karatasi. "Ya vijana, nyumba nne. Yako, baba, nyumba zote."

Baba hakucheka.

"Uliwauliza walizipataje?"