Matangazo Hayaamkii

Binti yangu Jaha haoni, na kompyuta ya ofisini kwake Makole humsomea barua pepe kwa sauti, moja baada ya nyingine. Siku ile zilikuwa mia mbili, karibu zote matangazo. Ulikuwa mwezi wa pili bila neno kutoka kwa mwanawe aliye masomoni India.

"Si uiambie iitenge ya kwake?" nilimuuliza.

"Itaijuaje, mama? Kila mara anaazima anwani ya mwenzake."

Mashine ikaendelea kutuuzia viatu, mara dawa ya nywele.

"Watu hawa hawana adabu," nikasema. "Hakuna hata mmoja aliyeamkia."

Vidole vya Jaha vikasimama juu ya vitufe. Kisha akaiwekea kompyuta sheria, akiitamka polepole: kila barua yenye neno shikamoo, ya jana na ya kesho, iingie kwenye folda yake.

Akabonyeza. Tukangoja.

"Zimeingia tatu," akasema.

Mashine ikasoma kwa lafudhi yake ya Kizungu: "Shi-ka-mu, mama. Shi-ka-mu, bibi."

"Marahaba," nikaitikia, na Jaha akaniziba mdomo kwa kiganja ili tusikie yaliyofuata.