Chanjo ya Msiba

Siku hizi mtoto aliyefiwa hupelekwa zahanati kuchanjwa. Chanjo huamsha kinga iliyolala ndani ya neva za ubongo, nayo hupigana na huzuni kama inavyopigana na surua.

Mama yangu alipofariki, mwanangu Shaame alisusa kula, maana hakuwepo tena bibi wa kumtania, "Mume wangu, njoo tule." Nikampeleka. Muuguzi aliomba sauti ya marehemu ili neva zimjue adui, nikampa ile niliyoihifadhi kwenye simu.

Jioni alikula akamaliza. Nikamwambia, "Njoo nikuongeze mchuzi, baba."

Akaziba masikio, vipele vikamtoka shingoni.

"Shaame, ni mimi, mama."

Vikazidi.

Tangu usichana wangu watu walinisifu kwamba nimerithi sauti ya mama. Sasa mwanangu namwita kwa kupiga makofi.