Kikombe cha Kwanza

Pale Vingunguti, mama mkwe wa Najma hakuwahi kuuza juisi ya ukwaju kabla mjukuu wake hajanywa kikombe cha kwanza. Leo, bei ya sukari ikiwa haishikiki, bibi huyo alitia vidonge vya utamu badala yake, alivyouziwa na mchuuzi aliyesimama mlangoni.

"Vitano tu, bimkubwa, ndoo nzima asali!" mchuuzi akasema.

Bibi akaonja. Utamu ulipita, uchungu ukabaki ulimini.

"Wanao unawapa?"

"Wangu?" Mchuuzi akacheka. "Aa, wale bado wadogo."

Mjukuu alishakinga mikono. Kengele ya shule ikalia, wanafunzi wakaanza kuja kununua, na pesa ya mlo wa jioni ilikuwa ndani ya ndoo ile.

"Hata hawa wanaokuja ni wadogo," bibi akasema, akaiinamisha ndoo juu ya mtaro aimwage juisi.

Najma, ambaye peke yake asingethubutu, akaenda kuishika upande wa pili.