Maji Yapate Njia

Mvua ilipokatika, Yahaya alipanda nyuma ya pikapu yake na kuanza kuikausha kwa taulo la wageni. Jikoni, mkewe Mastura alikuwa anakinga matone ya dari kwa sufuria. Nyumba ilikuwa na turubai moja tu, na turubai hilo lilifunika injini.

Waliishi Ilemela, juu ya kilima cha mawe. Kiwanja chao kilikuwa na sehemu moja tambarare, katikati ya majabali, na hapo ndipo pikapu ilipokaa tangu Yahaya aache biashara ya mbao. Ilitoka Ijumaa tu, kwenda msikitini, ambako kwa miguu kulikuwa karibu zaidi.

Mastura alitaka sehemu hiyo iwekwe tangi la maji. Ziwa lote lilionekana kutoka barazani, lakini bomba lilitoa maji lilipojisikia, na siku nyingine zote alipanda kilima na ndoo kichwani. Mafundi wa tangi walikuja na vigingi na uzi wa kupimia, wakaizunguka pikapu, wakarudi na vigingi vyao.

Sikukuu ya Idi, ugomvi huo ulipofika kwenye sinia la pilau, Yahaya aliapa mbele ya shemeji yake Bashiru, fundi wa kuchomelea kutoka Butimba.

"Siku nitakayoiona ardhi kupitia sakafu ya gari hili, naliuza. Hata tundu likiwa la kupitisha sindano."

Hakuna aliyecheka. Yahaya aliwahi kutamka kwamba hatakula sangara mpaka bei ishuke, na tangu hapo, akiishi kando ya ziwa, alikula maharage.

Baada ya Idi, akaitangazia kutu vita. Kila mvua iliacha maji kwenye mifereji ya sakafu ya bodi, na madoa ya kahawia yalikuwa yameanza kujitokeza. Alifuta, akasugua, akapaka mafuta ya kupikia. Alifunga mwavuli juu ya bodi, upepo wa ziwa ukaupeleka kwa jirani.

Mastura naye akabadilika. Hakulitaja tena tangi. Alileta mataulo makavu bila kuombwa, na jioni moja akakaa juu ya jabali akimtazama mumewe anavyokamua.

"Baba Shamsa, utafuta mpaka lini?" alisema. "Maji hayafukuzwi, yanaonyeshwa njia. Hata sinki lina tundu. Gari lako peke yake ndilo linalotunza maji kama beseni."

Yahaya alilichunguza jambo hilo kila upande, asilione kosa. Maji yasiyotuama hayaozeshi bati. Akampigia Bashiru simu yeye mwenyewe, na Bashiru akafika na drili kabla chai haijapoa.

Kazi ilifanywa kwa utaratibu. Walimwaga maji ili kujua yanatuama wapi, kisha Yahaya akaweka alama kwa chaki. Bashiru alijitolea kutoboa, akakataliwa. Bodi ile isingeguswa na mkono mwingine. Basi akabaki kushauri. Tundu liwe pana kidogo, majani yasilizibe. Kingo zipigwe tupa, zipakwe rangi ya kuzuia kutu. Yahaya alikiri moyoni kwamba alikuwa amemdharau shemeji yake bure.

Drili ikalia, chembe za chuma zikaruka, tundu la kwanza likapatikana. Mastura akampa mumewe jagi. Maji yakazunguka, yakanywea, yakaisha. Sakafu ikabaki inang'aa, na Yahaya akacheka kwa mara ya kwanza tangu Idi.

"Yameisha yote?" Mastura aliuliza.

"Yote. Kutu itafute gari lingine."

"Hebu chungulia vizuri, shemeji," alisema Bashiru, "isije ikawa limebaki limeziba kwa chini."

Yahaya akapiga magoti, akafumba jicho moja, akaliweka lingine kwenye tundu.

"Unaona nini?"

"Ardhi," alijibu Yahaya, bado anacheka.

Jicho lake lilipozoea kivuli, akaona na kigingi kipya cha fundi wa tangi, kimepigiliwa katikati kabisa, uzi umeshafungwa.