Tafsiri ya Ernesta

Gari la sinema lilipofika Kitanga, Ernesta ndiye aliyepewa kipaza sauti awatafsirie watu maelezo ya filamu kwa Kiha.

"Akina mama wanacheka kwa furaha ya kuhamia kijiji kipya," ilisema sauti ya filamu kwa Kiswahili.

Kwenye shuka jeupe Ernesta akamwona mama yake, amekumbatia jiwe la kusagia, kinywa wazi.

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Huyu ni mama yangu," alisema kwa Kiha. "Hacheki, analia. Nyumba inayobomolewa nyuma yake ni yetu."

Umati mzima ukainuka.

Bwana sinema, mgeni wa pwani asiyejua Kiha, akatabasamu. "Wamefurahi kweli! Hebu rudia hapo, dada."

Ernesta akaongeza sauti, akarudia.