Swali la Mashine

"Jibu basi, Raliza! Mashine haing'ati!" wenzake walimtania.

Kompyuta mpya ya darasani, iliyoletwa kutoka ng'ambo, ikarudia swali kwa sauti tamu: "Je, kuna anayekupiga nyumbani?"

Raliza aliikodolea macho kamera. Akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia, kushoto. Skafu yake ikateleza, nikaona alama za vidole shingoni.

Vicheko vikakatika. Kwetu Bulgaria, mtu hutikisa kichwa hivyo anapokubali, na kila mtoto mle ndani alimwelewa.

Kioo cha kompyuta kikawaka kijani, na kwenye simu yangu pekee ukaja ujumbe: "Amekana. Mtoto yuko salama. Aruhusiwe kwenda."

Raliza akashusha pumzi, akanigeukia akitabasamu.

"Imenielewa, Mwalimu?"

Nje, langoni, baba yake akapiga honi.