Mtaro wa Zambarau

"Kinyaa gani hiki!" Bwana Rutaihwa alitema mate mtaroni. "Mheshimiwa, wageni wa gesti yangu wanashindwa hata kula sato. Rangi za huyu mama zinanuka!"

Afisa mazingira alikuwa ameziba pua kwa kitambaa tangu ashuke kwenye pikipiki. Mtaro ulitoka ua wa Mwajuma, mama wa batiki, ukapita nyuma ya gesti, ukaishia ziwani hapo Kemondo. Maji yake yalikuwa ya zambarau, mazito kama uji, hayaonyeshi chini. Hata bata waliyakwepa.

"Siku saba," afisa akasema. "Nikirudi nikute rangi humu, nafunga kiwanda."

Mwajuma akashika kichwa. Batiki ndiyo iliyomsomesha Nuriat, mtoto wa mdogo wake, mpaka chuo.

"Hapana waitu, tafadhali, usimfungie!" Rutaihwa akadakia. "Ni mjane. Mpe onyo tu, apunguze kidogo inatosha."

Kumbe ana huruma, Nuriat akawaza, amesimama kando ya mamkubwa wake.

Kesho yake akaleta misumari yenye kutu, siki, na dumu la peroksaidi, ileile ya saluni inayogeuza nywele kuwa za njano.

"Mamkubwa, rangi za dukani hazichujiki kwa kitambaa! Hizi tunazivunjavunja hukohuko ndani ya maji."

Misumari ikalala kwenye siki. Asubuhi akaimimina ile siki kwenye pipa la maji ya rangi, akafuatisha peroksaidi taratibu. Pipa likaumuka povu la kahawia.

"Mh! Mbona kama matapishi?" Mwajuma akarudi nyuma.

"Subiri!"

Saa moja baadaye zambarau haikuwepo. Nuriat akatia chokaa, kutu ikazama, juu yakabaki maji maangavu. Akapiga vigelegele peke yake. Tangu siku hiyo hakuna tone la rangi lililotoka uani.

Siku ya tano Rutaihwa akachungulia juu ya uzio.

"Binti, usijichoshe. Achia hata rangi kidogo. Watu tumeshazoea."

"Si ulisema inanuka, tata, mzee wangu?"

"Aa, nilikuwa na hasira tu."

Siku ya saba majirani walijipanga kando ya mtaro kama wanasubiri mbio za mitumbwi. Rutaihwa hakutokea. Nuriat akafungulia pipa la mwisho, maji yakateremka meupe, naye akateremka nayo mbiombio hadi nyuma ya gesti.

"Njooni muone! Mpaka chini! Hata kokoto unazihesabu!"

Afisa akamfuata, akainama. Kitambaa kilikuwa bado puani.

Chini ya ukuta wa gesti, ndani ya yale maji maangavu, palikuwa na mdomo wa bomba. Na mbele ya macho ya watu wote, polepole, kikatoka kinyesi cha asubuhi hiyo, kimeburuta karatasi yake.